Mukopa-Sauti

Enzi zetu pale Bwiza, Bujumbura, kabla mtu hajaweza kutia dunia nzima mfukoni na kuiwasha kwa kidole, kutazama filamu kulikuwa jambo la kuogewa. Jumamosi baada ya adhuhuri tulisuguliwa visigino kwa jiwe, tukapakwa mafuta mpaka tukang'aa kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliotoka kwenye karai, kisha tukaongozana na mama zetu kwenda kwa Mzee Khalfani. Nani siku hizi anaoga kwa ajili ya filamu? Mjukuu wangu anatazama tatu kwa siku, kitandani, na meno hajapiga mswaki.

Mzee Khalfani alikuwa muuza vitambaa, mtu wa ukoo wa Omani, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Bwiza na Kirundi chake kiliwashinda wengi. Nyuma ya duka lake palikuwa na chumba chenye televisheni na deki ya kaseti, na majora ya vitambaa yamepangwa hadi darini. Watoto tulikaa chini, wakubwa wakakaa kwenye mikeka. Chumba kilinuka vitenge vipya, ubani na karanga za kukaanga. Watoto wa Kikristo wa avenyu yetu walikuwemo pia, wala hakuna aliyeuliza huyu anasali wapi. Lililoulizwa ni moja tu: nani amekaa mbele yangu na kichwa kikubwa hivi?

Tulitazama filamu za Kihindi. Hatukujua jina la mwigizaji hata mmoja, kwa hiyo tuliwabatiza wenyewe: Kidevu, Macho Mazito, Koti Jeupe. Kihindi hatukukijua pia. Mzee Khalfani alidai anakijua, kwa vile aliwahi kufanya biashara na Wahindi, naye ndiye aliyetufasiria, lakini alifasiri kwa ubahili wa ajabu. Msichana wa filamu angesema maneno mengi, alie, ajipige kifua, aiite mbingu ishuhudie, halafu Mzee Khalfani angekohoa na kusema, "Anakataa." Basi. Sisi wengine tukajijazia wenyewe.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mateka wa Koti Jeupe. Koti Jeupe akianza kuimba, Bibi alivua miwani, akaikunja kwenye ncha ya khanga, akalia kwa raha zake. Alikuwa mwanamke mkali, alifiwa na mume angali kijana na akalea watoto wake kwa kuuza mandazi, na machozi hakuyamwaga ovyo. Lakini sauti nzuri ilimweza. Alikuwa na msemo wake tuliokua nao kama chumvi: "Uso unadanganya, nguo inadanganya. Sauti haidanganyi. Mutu mwenye sauti kama hii hawezi kuwa na roho mbaya."

Siku moja, sijui shetani gani alimpitia Mzee Khalfani. Bibi yuko katikati ya kilio chake, Koti Jeupe anaimba kwenye bustani, mzee akasema kwa upole kabisa, "Mama Rashidi, usijichoshe. Huyo haimbi."

"Haimbi namna gani? Mi namuona."

"Anachezesha mdomo tu. Wahindi wanafanya hivyo. Kuna mutu mwingine nyuma, ndiye mwenye sauti. Huyu anakopa."

Wee! Chumba kizima kilinyamaza, Koti Jeupe peke yake akaendelea kufungua na kufumba mdomo. Bibi alivaa miwani yake. Alimtazama yule mwanamume wa kwenye kioo vile unavyomtazama mtu uliyemkuta na kuku wako kwapani. "Kumbe mi nilikuwa nalilia mudomo?" akasema. Akanyanyuka, akanishika mkono, tukaondoka.

Alirudi baadaye, maana Jumamosi ni ndefu. Ila tangu siku ile, wimbo ukianza, Bibi aligeuza uso ukutani. "Nasikiliza mwenyewe sauti," alisema. "Huyo mwizi sitaki kumuangalia." Na nyumbani kwetu likazaliwa neno. Mtoto aliyesema ameswali na huku miguu yake ina vumbi kavu, aliitwa mukopa-sauti. Jirani aliyesifu chakula akakiacha kwenye sahani, mukopa-sauti. Mwanasiasa kwenye redio, huyo hata hakuhitaji kuulizwa.

Sasa, katika siku hizo hizo, Bujumbura nayo ikapata nyota wake. Vijana fulani wa mjini waliigiza filamu kwa Kirundi, ikaonyeshwa kwenye televisheni kipande baada ya kipande, na mji mzima ukasimama. Toka Kamenge mpaka Kinanira, saa ya filamu ile hata mbwa walibweka kwa adabu. Mbaya wa filamu aliitwa Ntampuhwe, maana yake asiye na huruma. Mrefu, mwembamba, nyusi zimekutana. Kuna kipande hakuna wa rika langu aliyekisahau: mke wake amejifungua, bado ana kichanga mgongoni, Ntampuhwe anamsukuma nje mvua inanyesha, anafunga mlango, anageuza ufunguo, kisha anakaa kula ubugali wake na maharage, taratibu, huku mwanamke anagonga. Jamani! Akina mama walilaani televisheni. Bibi alitupa kandambili, ikampata Mzee Khalfani begani.

Yule mwigizaji jina lake la kweli lilikuwa Saidi. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha chapa, mpole, mwenye aibu, amepanga chumba si mbali na kwetu. Lakini nani alimjua Saidi? Wote tulimjua Ntampuhwe. Sokoni wauza nyanya walifunika mafungu yao akipita. "Nenda ukanunue kwa huyo ibilisi mwenzio," walimwambia. Kinyozi alimnyoa bila kumsemesha. Mimi na wenzangu tulipomwona tukiwa tunaruka lastiki barabarani, tuliacha lastiki ikaning'inia, tukakimbilia majumbani tukipiga kelele kwamba mvua inakuja. Yeye alitabasamu tu, na tabasamu lenyewe likatuogopesha zaidi.

Ndipo Saidi akaposa kwetu.

Alimposa mama mdogo Hadija, mdogo wake mama, kitindamimba wa Bibi. Mama mdogo Hadija alikuwa fundi cherehani. Umri wake ulikuwa umeshaanza kusemwa na majirani, zile sauti za chini zinazonyamaza ukiingia. Wachumba walikuja, huyu akawa mlevi, yule akawa na mke kule Uvira, ng'ambo ya mpaka, akawakataa. Ila huyu Saidi, mama mdogo alikuwa amempenda. Hilo tulilijua sote, maana tangu Saidi apeleke suruali yake kwa mara ya kwanza ikapunguzwe, mama mdogo alikuwa akivuma nyimbo juu ya cherehani kutwa nzima, na ile suruali ilipunguzwa mara nyingi mpaka tukaionea huruma.

Mjomba Rashidi ndiye aliyekuwa walii, yeye ndiye wa kusema ndiyo au hapana. Kwa sheria. Kwa kweli, nyumbani kwetu hata paka aliomba ruhusa kwa Bibi. Mjomba alileta posa akiwa amekaa pembeni kabisa ya kiti.

"Nani?" Bibi akauliza.

"Saidi, mama. Yule wa chapa."

"Saidi gani? Ntampuhwe?"

"Mama, ile ni filamu."

"Apana. Filamu haikumufundisha kula hivyo. Mutu hawezi kula namna ile, mutoto analia inje, kama roho yake haikubali. Mutoto wangu mi sikumuzaa aende kulala kwenye mvua."

"Lakini mama, anaigiza tu..."

"Kuigiza, kuigiza! Koti Jeupe naye alikuwa anaigiza, nikamuamini. Sitadanganywa mara ya pili."

Likaishia hapo. Mama mdogo Hadija hakubishana, watoto wa Bibi hawakubishana. Alirudi kwenye cherehani yake akashona. Ila kuvuma kukakoma. Nyumba ikabaki na mlio wa cherehani mtupu, na mimi, mtoto mdogo niliyekuwa nimezoea kulala usingizi wa mchana kwa uvumaji ule, nikawa silali. Sahani yake ilirudi jikoni na chakula chake. Mama yangu alimwambia Bibi, "Mama, huyu tutampoteza hivi hivi tunamuona." Bibi alikoroga uji. Aliumia, nilimwona. Lakini aliogopa zaidi ule mlango na ule ufunguo.

Ukaingia mwezi wa mfungo sita. Wenzangu wa Bwiza na Buyenzi mnakumbuka Maulidi ya wakati ule? Pilau lilipikwa kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani. Udi ulifukizwa mpaka avenyu ya tatu, na Wakristo majirani walileta viti vyao na kuni bila kuombwa. Mwaka ule ilisomwa nyumbani kwa Mzee Khalfani, baada ya alasiri. Wanaume walikaa uani, wanawake tukakaa sebuleni, na katikati pazia zito la kijani, jora zima, kwani muuza vitambaa angekosa?

Waliosoma walisoma. Madufu yakapigwa. Kisha ikaja zamu ya kasida, na kule upande wa wanaume mtu mmoja akaanza kuimba peke yake.

Mpaka leo sijui niieleze vipi sauti ile. Haikuwa kubwa. Ilianza chini kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, halafu ikapanda bila haraka, na ilipofika juu haikupiga kelele, ilitulia kule kule. Wanawake waliokuwa wakipakua pilau walisimama na vijiko mkononi. Aliyekuwa akinyonyesha aliacha mtoto achezee titi. Mama mdogo Hadija alikuwa karibu na mlango, ameinamisha kichwa, anazungusha pindo la mtandio wake kwenye kidole.

Bibi alivua miwani. Akaikunja kwenye ncha ya khanga. Na akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya Koti Jeupe.

"Ni mutoto wa nani huyu?" aliuliza. "Mama yake alimulisha nini? Wallahi, mwenye sauti hii akija kwangu kuposa, simurudishi. Wallahi naapa, namupa Hadija kwa mikono miwili."

Wanawake wote walisikia. Mama yangu alimtazama mdogo wake. Mama mdogo Hadija hakuinua kichwa, ila nilimwona anatetemeka mabega, na nikadhani analia. Alikuwa anajizuia kucheka.

Mimi nilikuwa na udadisi wa mbuzi. Nilitambaa mpaka kwenye pazia, nikaliinua nimwone malaika. Nikapiga yowe.

"Ni Ntampuhweee!"

Pazia nikalivuta lote, kwa woga nililing'ang'ania, likaanguka na fimbo yake. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, watu wanatazamana. Katikati ya uwanja Saidi amepiga magoti, kofia nyeupe kichwani, mdomo wazi, kasida imekatika katikati.

Bibi alivaa miwani yake polepole. Alimwangalia. Sote tulingoja. Kisha akanyoosha kidole.

"Mukopa-sauti! Hata kwenye Maulidi? Tafuteni kaseti! Angalieni chini ya mukeka!"

Astaghfirullah, watu walicheka mpaka mpiga dufu akaliangusha dufu. Mzee Khalfani alilia machozi ya kicheko, naye ndiye mwenye makosa yote. Na msidhani Bibi alitania. Alimtuma kweli Mjomba Rashidi afunue mkeka, na mjomba, mtu mzima mwenye ndevu, akafunua. Hapakuwa na kitu, ila maganda ya karanga.

"Basi aje hapa," Bibi akasema. "Kama iko yake, aiimbe mi nikimushika."

Wakampeleka ua wa nyuma, penye mafiga na masufuria ya pilau. Bibi akakaa kwenye kigoda, Saidi akachuchumaa mbele yake kama mtoto anayekaguliwa masikio. Bibi alivuta ncha ya khanga yake, akaizungusha mkononi kwa heshima, ngozi isiguse ngozi, kisha akaweka kiganja chake kooni kwa yule kijana, pale panapopanda na kushuka mtu anapomeza.

"Imba."

Ilimchukua muda kuanza. Mwigizaji aliyetisha mji mzima, midomo ilikuwa imekauka. Nilisimama nyuma ya mama mdogo Hadija, nimeshika gauni lake, na sikujua kati yetu nani anamtetemesha mwenzake. Neno moja la bibi kizee, na ama mama mdogo angevuma tena juu ya cherehani, ama asingevuma maisha.

Akaimba. Kwanza ilitoka nyembamba, ikakwaruza, ikataka kukatika. Bibi hakutoa mkono. Ikarudi tena, ikajikuta, ikapanda kama ilivyopanda kule uani. Bibi alifumba macho. Kiganja chake kilikuwa kikitikisika kidogo kidogo kwa mtetemo wa koo lile, na mimi niliyekuwa karibu nikaona pete yake ya fedha, iliyochomoza kwenye khanga, inacheza. Alipomaliza, Bibi aliacha mkono palepale.

"Inatoka humu," akasema. "Iko ya kwake."

Lakini hakuwa amemaliza. "Na yule mwanamuke uliyemufungia inje?"

"Mama, ni mutu wa kazini kwetu. Tulipomaliza kupiga picha tukakunywa naye chai."

"Na mutoto mugongoni?"

"Ilikuwa kitambaa, mama. Tulikunja tu."

"Na mvua?"

Saidi akaona aibu. "Kulikuwa na kijana juu ya bati, na ndoo."

"Hata mvua mulikopa!" Bibi akapiga paja. Akaufikiria ule uso wa nyusi zilizokutana, na nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama. Kisha akacheka, kicheko chake cha nadra, cha kifuani. "Basi wa Kihindi alikopa sauti, na we ulikopa ubaya. Sauti ni yako."

Mama mdogo Hadija akaanza kulia waziwazi.

"Nyamaza, we, nimeshaapa," Bibi alimwambia. "Ila niko na sharti. We Saidi, sikia. Siku ya mvua, kwenye nyumba ya mutoto wangu, mulango haufungwi. Hata kidogo. Mi nikipita nikute iko wazi."

"Haufungwi, mama," Saidi akajibu.

Walioana kabla ya masika. Siku ya harusi wauza nyanya wa soko walileta beseni zima, wakamwomba radhi bwana harusi, wakampigia vigelegele. Naye baba mdogo Saidi aliimba, na habari ilienea Bujumbura nzima kwamba Ntampuhwe, kumbe, ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Waliokuwa wakimkimbia wakawa wanamfuata. Alialikwa kwenye sherehe za Waislamu na Wakristo, na watu walikuja wasadiki kwa macho. Wengi walitazama kwanza nyuma yake, kama kuna mtu.

Bibi alipozeeka zaidi, masikio yalimwacha kabla ya macho. Jumamosi za kwa Mzee Khalfani zilikuwa zimekwisha, na mzee mwenyewe tulishamzika. Basi baba mdogo Saidi alikuwa anakuja baada ya kazi, anakaa chini karibu na kitanda, na Bibi anazungusha khanga mkononi, anaweka kiganja kooni pake. Aliimbiwa hivyo mpaka mwisho wake. Alikuwa hasikii hata mwadhini, lakini ile kasida aliipata yote kwa mkono, na palepale ilipopanda juu ndipo alipolia.

Nayasimulia haya kwa sababu majuzi nilikwenda kuwaona baba mdogo na mama mdogo, bado wako Bwiza. Nilikwenda na mjukuu wangu wa kike. Huyo ana simu, na kwenye simu anaimba. Yaani, mimi nilidhani anaimba. Amejipanga mbele ya kioo, amejipaka, anachezesha midomo, anapepesa macho, na sauti inayotoka ni ya mwanamke wa Nigeria mwenye kifua cha watu watatu. Anasema watu wengi wanamtazama, wanampenda. "We mutoto," nikamwambia, "uko mukopa-sauti." Hakuelewa. Aliniuliza kama hiyo ni aplikesheni mpya.

Sikumlaumu sana. Sisi pia tulilia na Koti Jeupe. Ila enzi zetu mtu akigundua kwamba amelilia mdomo, iliuma, aligeukia ukuta. Siku hizi kila mtu anajua, na hakuna anayejali. Nikakaa pale nikaitamani mikono ya Bibi.

Ikaanza mvua. Ile ya Bujumbura inayoshuka kutoka milimani bila kubisha hodi, bati likapiga kelele mpaka simu ya mtoto ikawa haisikiki, akaizima akanuna. Nikasimama haraka nifunge mlango, maji yalikuwa yanaingia.

"Acha," mama mdogo Hadija akasema.

Baba mdogo Saidi alikuwa ameshainuka na fimbo yake. Nyusi zimekuwa nyeupe, bado zimekutana. Alikwenda mpaka mlangoni, akaufungua wote, akausukumia jiwe usijirudi. Maji yakaingia, yakalowesha mkeka, wala hakuna aliyeuvuta.

"Babu, kwa nini unafungua?" mjukuu wangu akamuuliza. "Tutalowana!"

"Kuna mutu anaweza kupita," alisema.

Akarudi kwenye kiti chake. Mvua ikalegea kidogo, na kwa sauti iliyobaki, ambayo sasa inakwaruza mwanzo na mwisho, akaanza kuvuma ile kasida. Kwenye cherehani yake mama mdogo akaidaka. Mjukuu wangu alitazama huku na huku, kwenye rafu, nyuma ya viti, akitafuta inakotoka. Kisha akaweka simu chini, akamsogelea yule mzee, akanyoosha mkono kwa woga akamgusa kooni, na hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi angepita, angeukuta wazi.